Orodha Tupu ya Kithyoko

Mimi ndiye niliyemfundisha kushika kipanya. Kwa muda mrefu nilimtajia jambo hilo kila mtu aliyemsifu mbele yangu, hata kama hakuniuliza. Nilikuwa nikifundisha katika chuo kidogo cha kompyuta mjini Machakos, ghorofani juu ya duka la mabati na misumari, naye akaja kutoka Masii mara tu baada ya kumaliza kidato cha nne. Siku ya kwanza aliinua kipanya hewani akakielekeza kwenye skrini kama rimoti ya televisheni. Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, nilimwekea mkono wake mezani nikamwonyesha. Baada ya miezi mitatu alikuwa amemaliza kila nilichokuwa nacho cha kumfundisha, akaondoka na cheti.

Alipotokea tena miaka mingi baadaye, mimi nilikuwa nimeacha ualimu. Nilikuwa mwandishi wa programu katika kampuni ya watu watano, tukihudumia maghala ya vyama vya wakulima. Mkuu wetu alikuwa mama wa makamo aliyewahi kuwa karani wa ushirika, mtu wa maneno machache. Asubuhi moja aliingia na mwanamke kijana mwenye mkoba mgongoni, akasema huyu ataanza kazi nasi, ametoka Nairobi lakini anataka kuwa karibu na mama yake mgonjwa kule Masii. Mgeni akaniangalia, uso ukamjaa furaha.

"Mwalimu," akasema. "Hata hujazeeka."

Nilifurahi siku hiyo. Nilimtembeza ofisini nikimwonyesha kila kitu, na jioni nikamwambia mke wangu kwamba mwanafunzi wangu wa zamani sasa yuko chini yangu.

Kazi yetu kubwa wakati huo ilikuwa mizani. Mkulima akileta ndengu au mbaazi ghalani, gunia huwekwa juu ya mizani ya umeme, na uzito huingia kwenye kompyuta kwa waya bila karani kuandika kwa mkono. Wakulima wenyewe ndio waliotaka iwe hivyo, kwa sababu zamani walikuwa wakiibiwa kwa kalamu. Katiba ya chama ilisema wazi: uzito usiotoka kwenye mizani moja kwa moja haupokelewi.

Tatizo lilikuwa kwamba programu yangu haikujua mizani iko wapi. Kompyuta hukipa kila kifaa kilichochomekwa namba ya mlango. Karani akichomoa waya ili afagie, kisha auchomeke kwenye tundu lingine, namba inabadilika na programu inabaki ikizungumza na tundu tupu. Hapo karani hunipigia simu. Nilikuwa nikimwambia afungue ukurasa fulani, abadilishe tatu kuwa tano, au tano kuwa saba, na mizani inarudi. Walinipigia kutoka Masii, kutoka Kithyoko, kutoka kila ghala tulilolihudumia. Wengine walinipigia nikiwa kanisani, na mimi nilitoka nje nikipita katikati ya viti, nimeshika simu sikioni, watu wakinitazama. Nililalamika sana kuhusu simu hizo. Ukweli ni kwamba nilizipenda.

Mkuu alikuwa ameniuliza mara mbili kama programu haiwezi kuitafuta mizani yenyewe. Nilijaribu. Programu yetu iliandikwa kwa lugha ya kisasa, ile inayosimamia kumbukumbu ya mashine kwa niaba yako na kukukinga na makosa yako mwenyewe. Lakini orodha kamili ya vifaa inawekwa na mfumo endeshi, huko chini kabisa, na ukiitaka lazima utoke kwenye ulinzi huo uziite amri za mfumo moja kwa moja. Huko chini hubembelezwi. Unapeleka fomu tupu ili mfumo ukujazie habari za kifaa kimoja, kisha cha pili, kisha cha tatu, hadi viishe. Juu ya kila fomu lazima uandike ukubwa wake kwa baiti, sawasawa. Ukikosea, unarudishiwa namba ya kosa, au programu nzima inazimika mbele ya macho yako. Yangu ilizimika kwa wiki mbili. Mwishowe nilimwambia mkuu kwamba lugha tuliyotumia haiwezi kufanya kazi hiyo. Alikubali, kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza.

Mwanafunzi wangu aliifanya kwa siku tatu.

Sikumtuma. Alisikia simu zangu, akauliza kwa nini makarani wanahangaika na namba, kisha akarudi mezani kwake. Alhamisi akamwita mkuu na mimi kwenye meza yake. Alikuwa na mizani ndogo ya majaribio. Akachomoa waya, akauchomeka tundu lingine, na programu ikaandika kwa utulivu kwamba mizani imepatikana. Akahamisha tena. Ikapatikana tena.

Mkuu hakumwangalia yeye. Aliniangalia mimi.

"Si uliniambia haiwezekani?"

"Nilisema ni ngumu," nikajibu.

"Ulisema haiwezekani."

"Mwalimu alikuwa na kazi nyingi," mwanafunzi wangu akasema haraka. "Mimi nilipata tu nafasi."

Alinitetea, na hilo lilinichoma kuliko swali la mkuu. Nilirudi mezani kwangu nikafungua kazi niliyokuwa nikiifanya, nikasoma mstari mmoja mara nyingi bila kuuelewa. Nyuma yangu nilisikia mkuu akicheka. Katika miaka sita sikuwa nimewahi kumchekesha.

Kuanzia hapo nilianza kumchunguza. Niliona jinsi alivyokula chakula chake cha mchana mbele ya skrini, muthokoi wa mahindi na maharagwe kutoka nyumbani katika kikopo cha plastiki, na bado kazi yake ikatoka safi. Niliona kwamba mkuu sasa alimpitia yeye kwanza asubuhi. Ghala la Masii likabadilishiwa programu, na simu kutoka Masii zikakoma. Nilikuwa nikiitazama simu yangu juu ya meza. Jumapili moja nilikaa ibada nzima bila kuitwa nje. Mke wangu aliniambia ni vizuri nimepata kupumzika, nami nikamjibu vibaya.

Kisha ikaja zamu ya Kithyoko. Ulikuwa msimu wa ndengu na ghala lilikuwa na watu wengi, kwa hiyo mkuu alitaka kwenda mwenyewe kuona kazi ikianza. Siku moja kabla ya safari, mwanafunzi wangu alivuta kiti akaketi kando yangu.

"Mwalimu, nipitie hii kabla niende nayo. Macho yangu yamechoka nayo."

Nilipitia. Ilikuwa kazi nzuri, na kila mstari mzuri ulinitia uchungu. Kisha nikafika mahali pa ile fomu ya kifaa, na nikaona kwamba ukubwa wake ameuandika kwa mkono: thelathini na mbili. Hakuiacha programu iupime yenyewe. Kwenye kompyuta mpya ni sahihi, fomu ina baiti thelathini na mbili. Kwenye mashine zenye mfumo wa kizamani fomu hiyo hiyo ni fupi zaidi, baiti ishirini na nane. Tena niliona kwamba amri ikikataliwa kwa sababu yoyote, programu yake inadhani vifaa vimeisha. Haingelalamika. Ingeonyesha orodha tupu.

Kompyuta ya Masii ilikuwa mpya. Ya Kithyoko niliiweka mimi mwenyewe, kwa mikono yangu, na nilijua ni ya zamani kiasi gani. Yeye hakuwa amewahi kufika huko.

Yeye alikuwa akisubiri, ameshika kikombe cha chai.

"Iko sawa," nikasema.

"Kabisa?"

"Kabisa."

Akanishukuru, akarudisha kiti chake.

Kesho yake waliondoka mapema. Nilibaki ofisini na simu mbele yangu. Saa nne na robo ikalia. Alikuwa yeye.

"Mwalimu, orodha iko tupu. Hakuna mizani, hakuna kitu. Hata kibodi haionekani, na ninaandika nayo."

Neno moja lingetosha. Alikuwa na kompyuta yake ya mkononi na msimbo wote. Ningemwambia badilisha ukubwa, angemaliza kabla sijakata simu.

"Umejaribu kuchomoa waya?" nikauliza.

"Mara nyingi."

"Jaribu kuzima mashine uwashe tena."

Akajaribu. Akapiga tena, sauti yake sasa ndogo zaidi. Nyuma yake nilisikia watu wakizungumza Kikamba kwa pamoja, na punda. Aliniambia kwamba programu ile ya zamani alikuwa ameshaiondoa, kwamba karani amekataa kuandika uzito kwa mkono kwa sababu ya katiba, na kwamba foleni imefika barabarani.

"Siwezi kuona kutoka hapa," nikamwambia. "Acha nije."

Niliendesha gari langu kuukuu karibu saa mbili hadi Kithyoko. Nataka kusema nilijuta njiani, lakini sikujuta. Nilikuwa nikipanga jinsi nitakavyoingia. Akilini niliona mkuu akisogea pembeni anipishe, na wakulima wakitulia. Baada ya kupita mji wa Matuu nilikutana na wingu jeusi, mvua isiyo ya msimu, matone makubwa yaliyopiga kioo kwa robo saa kisha yakaacha. Hata mvua nilifurahia, kwa sababu ilituliza vumbi.

Nilipofika nilikuta ua wa ghala umelowa. Magunia yaliyokuwa kwenye foleni yalikuwa yamenyeshewa. Watu walikuwa wameyavuta chini ya paa kadiri walivyoweza, lakini paa halikutosha. Mwanafunzi wangu alikuwa katikati yao, viatu amevua, sketi imemshika miguuni kwa maji, akivuta gunia pamoja na mama mmoja mzee. Hakuniona. Mkuu ndiye aliyeniona, akanionyesha mlango kwa kidole bila salamu.

Niliketi mbele ya kompyuta ya karani. Nilichomeka kompyuta ya mkononi ya mwanafunzi wangu, nikaenda moja kwa moja kwenye mstari ule, nikafuta thelathini na mbili, nikaandika amri ya kupima. Nikaijenga programu upya nikaiweka. Orodha ikajaa: kibodi, kipanya, mashine ya kuchapa risiti, mizani. Haikuchukua dakika tano. Nilipogeuka, alikuwa amesimama nyuma yangu, maji yakimtiririka, ananitazama mikono.

"Ni hiyo tu?" mkuu akauliza.

"Ni hiyo tu," nikasema.

Wakulima walipiga makofi. Karani alinipa mkono. Ilikuwa kama nilivyopanga, na kwa dakika chache nilisikia utamu wake.

Kisha upimaji ukaanza, na pamoja nao kipimo cha unyevu. Karani huchoma gunia kwa chuma chenye ncha, akatoa punje kidogo, akazipima kama zimekauka. Mama yule mzee alikuwa na magunia manne. Moja lilipita. Matatu yalikuwa yamelowa, na karani akamwambia kwa heshima ayarudishe nyumbani akayaanike tena. Alikuwa ametoka upande wa mto Tana na punda wawili tangu alfajiri. Alifika wa tatu kwenye foleni. Kama mizani ingefanya kazi saa nne, angekuwa ameshamaliza kabla ya tone la kwanza.

Hakugombana na mtu. Wakati wa kuondoka alipita mlangoni nilipokuwa nimesimama, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Nĩ mũvea, mwanangu," akasema. Asante. "Wameniambia ni wewe umetoka mbali kututengenezea."

Nilimsaidia kufunga magunia juu ya punda.

Jioni mkuu alirudi na gari lake peke yake, kwa kuwa alikuwa na mahali pa kupitia, na mwanafunzi wangu akapanda langu. Alikuwa amejifunga leso ya karani kiunoni kwa sababu ya nguo zilizolowa. Tulifika Matuu. Hapo ndipo alipouliza, akiwa bado anatazama mbele.

"Mwalimu, mbona hukusoma namba ya kosa?"

"Namba gani?"

"Mtu akikuta orodha iko tupu, kwanza anauliza mfumo umekataa nini. Mimi nilikuwa nimechanganyikiwa na watu, sikufikiria. Lakini wewe hukuuliza. Uliketi ukaenda kwa ule mstari. Kama mtu anayejua mahali ameweka funguo."

Nilibadilisha gia bila sababu.

"Uliuona jana," akasema.

Ningeweza kukataa. Nilikuwa na jibu tayari, kwamba nimefikiria njiani, saa mbili ni nyingi. Lakini nilikuwa bado nasikia viganja vya yule mama mkononi mwangu.

"Niliuona," nikasema.

Alifungua dirisha kidogo, akalifunga. Nilitegemea alie au anitukane, na sijui ni lipi ningelipendelea.

"Wakati ule nilikuwa nikija chuoni kwako," akasema baadaye, "nilikuwa natembea kutoka stendi bila kula. Kuna siku ulinipa nusu ya mkate wako. Nimemwambia mama hiyo hadithi mara nyingi. Juzi nilimwambia tena." Akasita. "Sijui nitamwambia nini leo."

Nilimfikisha njia panda ya kwenda kwao, akashuka, akasema asante kwa lifti kama unavyomwambia dereva usiyemjua.

Asubuhi iliyofuata nilimtangulia kwa mkuu. Sikufanya hivyo kwa wema mtupu. Niliogopa atasema yeye kwanza. Nilimweleza mkuu kila kitu nikiwa nimesimama: ile thelathini na mbili, neno langu "kabisa," simu, na saa mbili nilizoendesha gari badala ya kutamka neno moja. Nikamwambia pia kwamba kazi niliyosema haiwezekani ilikuwa imenishinda mimi tu.

Alinisikiliza akizungusha kalamu.

"Nilidhani una tabu nyumbani," akasema. "Mwezi mzima ulikuwa na uso wa mtu aliyefiwa." Kisha akaniuliza, "Alikukosea nini yule msichana?"

"Hakunikosea."

"Basi ni nini?"

"Wivu," nikasema. Nikiwa na umri wangu, mbele ya mwanamke aliyeniajiri, neno lile lilitoka dogo na la kitoto.

Hakunifukuza. Alisema kuanzia siku hiyo kazi yote ya mizani iko chini ya mwanafunzi wangu, na mimi nitaandika nitakachoambiwa, naye atapitia kila mstari. Jumamosi alinituma Kithyoko nikawaombe radhi karani na kamati ya wakulima. Nilikwenda. Mwenyekiti wao, mzee wa kanisa, aliniuliza maswali mawili tu, akasema wamesikia. Nilimuulizia yule mama. Alikuwa amekwisha kuanika ndengu zake na kuzileta. Zilipita zote isipokuwa nusu gunia lililoota ukungu. Nusu gunia hilo nimelibeba hadi leo.

Mwanafunzi wangu hakuwahi kulizungumza tena. Alichoacha ni kuniita mwalimu. Aliniita kwa jina langu kama wengine ofisini, kwa adabu, na kila aliponiita nilisikia pengo la neno lile.

Siwezi kusema wivu uliisha. Alipoitwa Konza, kwenye mji mpya wa teknolojia, kuzungumza mbele ya vijana wa vyuo, nilisoma tangazo lake ubaoni nikausikia ukipanda tena. Nilikwenda kumpa hongera kabla haujafika mdomoni. Alinitazama kana kwamba anapima kitu, kisha akasema asante.

Wiki iliyofuata nilimaliza kipande changu cha kwanza chini yake: programu ya kutafuta mashine za kuchapa risiti, kwa njia yake ileile ya kuziita amri za mfumo. Nilikuwa nimejivunia. Akaja nyuma ya kiti changu, wenzetu wote wakiwapo, akasoma hadi mwisho.

"Hapa umekosea," akasema bila kushusha sauti. "Ukimaliza na orodha lazima uurudishie mfumo. Hukuirudisha. Ikifanya kazi wiki nzima bila kuzimwa, itakula kumbukumbu yote ya mashine."

Nilisoma tena, nikitafuta mahali pa kumwonyesha kwamba amekosea yeye. Hakukuwa na mahali. Niliandika mstari uliokosekana, nikaujaribu, kisha nikamwita aje atazame.

Akainama, akasoma.

"Sasa iko sawa," akasema, na akavuta kiti akaketi.